Barua pepe ya kikazi: mazungumzo, ombi na kumbukumbu katika ujumbe mmoja

Barua pepe ya ofisini hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya utata unaojaza vikasha vyetu hutokana na mwandishi kuikumbuka kazi moja na kuzisahau mbili. Ni mazungumzo kati ya watu wanaotofautiana vyeo na umri, kwa hiyo inadai salamu na staha. Ni ombi au agizo, kwa hiyo inadai kusema nani afanye nini na lini. Na ni kumbukumbu itakayosomwa baada ya miezi sita na mkaguzi, mwanasheria au mtu aliyerithi meza yako, ambaye hakuwepo kikaoni na hajui "lile suala letu" ni suala gani. Anayekumbuka mazungumzo tu huandika aya nzima ya salamu na mstari mmoja wa ombi lisiloeleweka. Anayekumbuka agizo tu humwandikia mtu wa umri wa mzazi wake "Nitumie ripoti leo". Anayekumbuka kumbukumbu tu huandika maneno ya kujikinga, kama mtu anayetoa maelezo kituo cha polisi. Barua nzuri ya kikazi huzipa kazi zote tatu nafasi yake, na Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kufanya hivyo.

Ofisi ya karatasi ilikuwa imelishughulikia jambo hili kwa utaratibu wake. Barua rasmi ya utumishi wa umma nchini Tanzania hubeba namba ya kumbukumbu baada ya herufi "Kumb. Na.", tarehe, anwani ya anayepelekewa, kisha kichwa cha "Yah:" kinachotaja kwa herufi kubwa barua inahusu nini. Aya ya kwanza haipewi namba, lakini ya pili huanza na 2 na ya tatu huanza na 3, ili anayejibu aweze kusema "narejea aya ya 3 ya barua yako" bila mtu yeyote kubahatisha. Chini hukaa sahihi, jina, cheo na orodha ya waliopewa nakala. Kwa mawasiliano ya ndani kulikuwa na dokezo sabili, nalo likiwa na mpangilio wake. Nyuma ya yote hayo alikuwepo karani wa masjala, aliyeipa kila barua jalada lake na kuhakikisha kwamba anayeletewa barua mezani analetewa pia zile zilizoitangulia.

Barua pepe ilizaliwa mbali na masjala. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, akiichagua alama ya @ kutenganisha jina la mtumiaji na jina la kompyuta. Viwango vilivyofuata, vikiwemo vile vya mwaka 1982 vilivyoeleza mpangilio wa ujumbe, viliazima vitu kadhaa kutoka kwenye karatasi: mstari wa mada, tarehe, na sehemu ya nakala ambayo herufi zake, Cc, zinatokana na karatasi ya kaboni iliyopachikwa kati ya kurasa mbili kwenye taipureta. Karani wa masjala hakuazimwa. Kazi yake ya kuunganisha barua na historia yake imehamia kwa mwandishi mwenyewe, na mwandishi asiyelijua hilo hutuma ujumbe usio na jalada, akitumaini kwamba msomaji atakumbuka yote kwa niaba yake.

Mahali pa kwanza pa kuifanya kazi hiyo ni mstari wa mada. Mada ya "Habari", "Muhimu" au "Ripoti" haimwambii msomaji chochote leo, wala haimsaidii kuitafuta barua hiyo mwezi ujao. Mada inayofaa hutaja aina ya tendo linalohitajika, jambo lenyewe, na tarehe kama ipo, na neno zito hutangulia kwa sababu simu huonyesha maneno machache ya mwanzo tu. "Kwa taarifa", "Ombi la idhini", "Mwaliko wa kikao" na "Jibu linahitajika" ni mianzo inayoeleweka mara moja. Jambo likibadilika, mada nayo ibadilike. Wapo watu wanaotafuta barua ya zamani ya mtu, tuseme ya Januari kuhusu mafuta ya gari, kisha wanabonyeza kitufe cha kujibu na kuomba likizo ndani yake. Barua hiyo haitaonekana tena na mtu yeyote anayetafuta maombi ya likizo.

Tutazame mfano mmoja kwa karibu. Ofisa wa mradi anamwandikia mhasibu, na mada yake ni neno moja, "Safari":

"Habari za asubuhi Ndugu Mhasibu, natumaini u mzima wa afya na familia haijambo. Kama unavyofahamu, wiki iliyopita tulikaa kikao na mambo mengi yalizungumzwa, yakiwemo yale ya safari. Baadhi ya wenzetu wameuliza kuhusu suala lile la fedha na kwa kweli linahitaji kuangaliwa mapema ili kuepuka changamoto zilizojitokeza awali. Hivyo tunaomba lifanyiwe kazi haraka iwezekanavyo. Nimeambatisha faili kwa rejea. Asante."

Hakuna kosa la sarufi katika barua hii, na lugha yake ni ya heshima. Hata hivyo mhasibu akimaliza kuisoma hajui ni safari ipi, ni fedha kiasi gani, anaombwa kuzitoa au kutoa maelezo, na "haraka" ni leo au wiki ijayo. Atalazimika kupiga simu, au kufungua faili na kukisia, au, kama ilivyo kawaida, kuiacha mpaka mtu amkumbushe. Maudhui yaleyale yangeweza kuandikwa hivi, chini ya mada "Ombi la masurufu: safari ya Dodoma 17–19 Juni 2025, kabla ya 12 Juni":

"Ndugu Mhasibu, habari za kazi. Naomba utuandalie masurufu ya Sh. 1,860,000 kwa safari ya Dodoma ya tarehe 17 hadi 19 Juni 2025, yakiwa ni posho za maofisa watatu pamoja na mafuta ya gari. Gari litaondoka Jumatatu tarehe 16 Juni mchana. Kwa hiyo nitashukuru tukipata jibu lako kabla ya Alhamisi tarehe 12 Juni, saa 10:00 jioni (16:00). Kiasi kimezidi makadirio ya awali kwa sababu kikao cha tarehe 4 Juni kiliongeza siku moja ya ukaguzi. Mchanganuo na muhtasari wa kikao vimeambatishwa. Kama kuna kipengele kinachohitaji kurekebishwa, naomba unijulishe mapema ili nikirekebishe kabla ya siku hiyo."

Salamu imebaki. Heshima imebaki, na kwa maoni yangu imeongezeka, kwa sababu mwandishi ameuthamini muda wa mwenzake. Ombi limehamia kwenye sentensi ya kwanza baada ya salamu, sababu imelifuata, na mkaguzi atakayeisoma barua hii mwakani ataelewa ni kwa nini kiasi kiliongezeka na nani aliamua. Mhasibu anaweza kuijibu kutoka kwenye simu yake akiwa kwenye foleni ya benki.

Barua ya kwanza iliharibiwa na maumbo machache ambayo tumeyazoea mno. Kauli ya kutendwa ni mojawapo. "Lifanyiwe kazi", "itaangaliwa", "imeelekezwa", "ilikubaliwa" ni sentensi sahihi zisizo na mtenda, na pale ambapo mtenda ndiye anayetafutwa, zinaficha kile hasa kinachohitajika. Andika "Idara ya Ununuzi itaandaa nyaraka za zabuni" badala ya "nyaraka za zabuni zitaandaliwa", vinginevyo kila idara itasubiri nyingine. Nafsi ya "tu-" nayo ina hatari yake: "tutafuatilia" yaweza kuwa mimi, idara yangu, au sisi sote tuliomo kwenye barua. Kisha kuna maneno ambayo ofisi zimeyapenda hata yakachoka. "Changamoto" siku hizi hubeba kuharibika kwa mashine, kuchelewa kwa mtu, upungufu wa fedha na kosa la hesabu. Anayeandika "kumekuwa na changamoto ya mfumo" angemsaidia msomaji zaidi kwa kusema kwamba mfumo wa malipo haukufunguka tangu Jumatatu asubuhi na hati 14 za malipo zimekwama. "Mchakato unaendelea" na "tunalifanyia kazi" ni majibu ya aina hiyohiyo. Yakifuatwa na hatua iliyofikiwa na tarehe ya hatua inayofuata, yanakuwa taarifa. Yakiachwa peke yake, yanaahirisha tu swali.

Wengi huogopa kwamba kulitanguliza ombi ni kukosa adabu, na hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa inatokana na malezi mema. Katika mazungumzo ya ana kwa ana hatuingii kwenye shida kabla ya kujuliana hali, na mdogo hamwelekezi mkubwa. Lakini adabu ya Kiswahili haikai katika urefu wa utangulizi peke yake. Inakaa ndani ya kitenzi. Kati ya "tuma ripoti" na "utume ripoti" tayari kuna hatua moja ya upole, na "naomba utume ripoti" huongeza nyingine, na "nitashukuru ukiweza kutuma ripoti" huongeza nyingine tena, zote zikiwa fupi na wazi. Kwa mkubwa wa kazi au mtu wa nje ya ofisi, "naomba" na "nitashukuru" hutosha kabisa. Umbo ninalolitilia shaka ni lile la "nilikuwa naomba kama ingewezekana labda kuona namna ya kupata ripoti", ambalo hulainisha ombi hata likaacha kuwa ombi. Msomaji anaweza kulikubali kwa moyo wote na asifanye chochote.

Kuhusu salamu zenyewe, mstari mmoja unatosha: "Habari za kazi" kwa mwenzako, "Salaam" au "Natumaini hujambo" kwa usiyemzoea. Shikamoo ni ya mdomo. Mwambie mkurugenzi shikamoo mnapokutana ukumbini au kwenye simu, lakini barua pepe itapelekwa kwa watu wengine, wengine wakiwa wadogo kwake na wengine wakubwa kwake, na salamu iliyomhusu yeye binafsi itakosa mahali pa kukaa. Katika kumtaja mtu, cheo hufaa kuliko jina la kwanza tu pale msipozoeana: Ndugu Mkuu wa Idara, Dkt., Mhandisi, Mwalimu. "Ndugu" lina faida moja kubwa, kwamba humfaa mwanamume na mwanamke, wakati "Bw." na "Bi." humlazimisha mwandishi kukisia jinsia ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Katika baadhi ya ofisi za Kenya mnapoandikiana kwa Kiingereza na Kiswahili kwa zamu, chagua lugha moja kwa barua moja, hasa kama kuna maagizo ndani yake.

Muda unadai uangalifu wa pekee, kwa sababu hapa Kiswahili na kompyuta havihesabu sawa. Kikao cha saa 4:00 asubuhi ndicho ambacho kalenda ya kompyuta hukiita 10:00. Tatizo ni kwamba saa 2, 3, 4, 8, 9 na 10 zote ni saa za kazi kwa hesabu zote mbili: anayeandika "tukutane saa 8" akimaanisha mchana anaweza kusomwa na mtu aliyezoea hesabu ya Kiingereza kuwa amesema asubuhi, na anayesoma "saa 3" akitazama kalenda ya kompyuta anaweza kufika alasiri kwenye kikao kilichomalizika kabla ya chai. Dawa ni kutaja sehemu ya siku kila mara na kuweka saa ya kalenda pembeni: saa 8:00 mchana (14:00). Tahadhari inahitajika zaidi wahusika wanapokuwa nchi tofauti. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa ileile, lakini Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma ya nchi hizo kwa saa moja, na Oman iko mbele kwa saa moja. Kikao cha mtandaoni cha 10:00 Dar es Salaam ni 09:00 Kigali na Lubumbashi, na ni 11:00 Muscat. Mwezi nao uandikwe kwa neno. Tarehe 03/04/2025 ni ya Aprili kwetu na ni ya Machi kwa mfadhili aliyeko Marekani. Maneno "kesho", "juzi" na "wiki ijayo" huharibika mara tu barua inapochelewa kufunguliwa, kwa hiyo yaambatane na tarehe.

Sehemu ya wapokeaji inaonekana kuwa jambo dogo, lakini ndiyo inayozaa manung'uniko mengi zaidi. Anayewekwa kwenye "Kwa" ndiye anayetakiwa kutenda. Anayewekwa kwenye nakala anatakiwa kujua tu. Ukiwaweka watatu kwenye "Kwa" bila kugawa kazi, kila mmoja ataamini kwamba mwenzake ameshajibu, kwa hiyo taja ndani ya barua kila mmoja unamwomba nini. Kumwongeza bosi wa mtu kwenye nakala katikati ya mabishano kunasomwa na kila mtu kuwa ni mashtaka, hata kama hukukusudia; kama ipo sababu halali, iseme wazi: "Nimemwongeza Mkuu wa Idara kwa kuwa kibali kinatoka kwake." Nakala iliyofichwa inafaa unapowaandikia watu wengi wa nje wasiofahamiana, kama waombaji wa kazi, ili anwani zao zisisambae. Jambo hili si la adabu peke yake, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kuitumia sehemu hiyohiyo ili mtu wa tatu asome kwa siri mazungumzo ya wawili ni jambo lingine kabisa, nami siwezi kulishauri. Aliyefichwa akibonyeza kwa bahati mbaya kitufe cha kujibu wote, siri inafichuka na imani haitarudi kirahisi.

Sheria inagusa pia uzito wa maneno yenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya inalieleza jambo hilo katika kifungu cha 106B. Mtu anayemjibu msambazaji bidhaa "Sawa" tu, baada ya kuulizwa kama mzigo uletwe kwa bei mpya, anaweza kuwa ameikubali bei hiyo kwa niaba ya ofisi wakati alikusudia kusema kwamba ameuona ujumbe. "Nimepokea, nitakujibu baada ya kuwasiliana na Idara ya Ununuzi" ni maneno machache yanayokinga hasara kubwa. Kwa sababu hiyohiyo, uamuzi uliofikiwa kwenye kundi la WhatsApp, ambako sasa kazi nyingi huzungumzwa, urudishwe kwenye barua pepe siku hiyohiyo kwa mistari michache, ukitaja walioamua na walichoamua.

Viambatisho havihitaji maneno mengi. Faili lipewe jina linaloeleweka likitoka nje ya barua, yaani "Mchanganuo_masurufu_Dodoma_Juni_2025" badala ya "mpya_sahihi_mwisho2". Kiini cha faili kitajwe ndani ya barua, maana wengi husoma kwa simu na hawafungui majedwali. Gmail huruhusu viambatisho vya hadi megabaiti 25, lakini msomaji anayetumia bando lake mwenyewe atakushukuru ukituma kilicho kidogo zaidi. Anwani ya mpokeaji iwe kitu cha mwisho kujazwa, ili barua isiondoke kabla haijakamilika.

Barua ya lawama ni ngumu kuliko zote. Ieleze tukio na athari yake, na uache kuieleza tabia ya mtu: "Ripoti ya Mei ilitufikia tarehe 9 Juni, siku nne baada ya tarehe tuliyokubaliana, na kwa hiyo hatukuweza kuiwasilisha kwa mfadhili" inasema yote yanayohitajika, na aliyeandikiwa anaweza kuijibu bila kujitetea. Ukiona unaandika "kama kawaida yako", barua hiyo isubiri mpaka kesho asubuhi.

Barua isipojibiwa, kimya kisichukuliwe haraka kuwa dharau. Mara nyingi aliyeandikiwa ameisoma barabarani akakusudia kuijibu mezani. Kumkumbusha mtu, hata mkubwa wako, si utovu wa adabu ukifanya kazi ya karani wa masjala kwa niaba yake: jibu juu ya barua yako ya awali ili historia yote iwe pamoja, rudia ombi na tarehe kwa sentensi moja, na usimwachie kazi ya kushuka chini kuitafuta. "Ndugu Mhasibu, habari za leo. Narejea ombi la masurufu ya safari ya Dodoma hapa chini. Tarehe ya mwisho ni kesho, Alhamisi 12 Juni, saa 10:00 jioni (16:00). Kama kuna hati inayokosekana, naomba unijulishe leo niilete mwenyewe." Ikiwa hilo nalo halikujibiwa, piga simu, kwa sababu yapo mambo ambayo watu huyasema tu wanaposikia sauti: kwamba fungu limekwisha, au mtia sahihi yuko safarini. Baada ya simu, andika mistari miwili kwenye mfululizo uleule: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya simu ya leo, tarehe 12 Juni. Umesema masurufu yatatoka Jumatatu tarehe 16 Juni, saa 3:00 asubuhi (09:00), na kwamba hati ya malipo itasainiwa na kaimu mkurugenzi."